Jinsi ya Kugawa Anwani za IP Bila Kugombanisha Ofisi Nzima

Kabla hujachomeka kebo ya konsoli, tafuta kalamu na karatasi. Hapo hapo nimeshampoteza fundi wa itakaa-sawa, yule anayeingia ofisini na kompyuta mpakato begani, akauliza “swichi iko wapi?” na muda si mrefu akauliza “hundi anasaini nani?” Mwache aende. Mwongozo huu ni wako wewe uliyebaki, unayetaka swichi igawe anwani kwa kila kifaa ofisini, na kesho yake usipigiwe simu kwa mpigo na mhasibu, dada wa mapokezi na mkurugenzi.

Kwenye karatasi andika mambo ambayo swichi haiwezi kuyabuni yenyewe. Lango la kutokea nje lina anwani gani? Vifaa gani havitakiwi kuhamahama: printa, kamera za ulinzi, mashine ya kuweka kidole asubuhi? Siku ofisi inapojaa kuliko siku zote, vifaa vingapi vitaingia? Nani atajibu vifaa vinapouliza majina ya tovuti? Kama huna jibu la swali hata moja kati ya hayo, usiguse kibodi. Rudi kwa mwenye ofisi ukaulize. Ni afadhali aseme fundi huyu ana maswali mengi kuliko aseme fundi huyu alituua.

Nalisisitiza hili kwa sababu DHCP, itifaki inayogawa anwani hizi, inaaminiwa kupita kiasi. Kompyuta inapowashwa haina anwani na haimjui jirani yake. Inapaza sauti kutoka 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255, kwenye mlango wa UDP namba 67: jamani, kuna wa kunipa anwani? Seva inayosikia inatoa pendekezo, kompyuta inaomba ipewe lile pendekezo, seva inathibitisha, biashara imekwisha. Hakuna nenosiri wala kitambulisho. Mara nyingi aliyewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Tabia hii tumeirithi kutoka kwa itifaki ya BOOTP, ambayo Bill Croft na John Gilmore waliiandika mwaka 1985. DHCP yenyewe ikaja mwaka 1993, na waraka tunaoutegemea hadi leo, RFC 2131 wa Ralph Droms, ulitoka Machi 1997. Waraka huo haufichi kitu: unakiri waziwazi kwamba itifaki hii, kwa namna ilivyo, haina ulinzi wa maana.

Kwa hiyo kila namba unayoiandika kwenye swichi ni neno ambalo simu na kompyuta zote zitaliamini bila kuuliza mara ya pili. Ukisema lango liko 192.168.10.1 na kumbe liko 192.168.10.254, hakuna kifaa kitakachokubishia. Vyote vitakwenda kugonga mlango usiokuwepo, kwa utii wa kusikitisha, na watu watasema intaneti ya kampuni fulani ni mbovu wakati kampuni ya watu haina kosa.

Maelezo hayo yanayosafiri pamoja na anwani ndiyo yanaitwa machaguo, na kila chaguo lina namba. Namba 1 ni barakoa ya mtandao mdogo, ile 255.255.255.0 tunayoijua sote. Namba 3 ni lango. Namba 6 ni seva za DNS, 15 ni jina la domeni, 42 ni seva ya saa, 51 ni muda wa kukaa na anwani. Kwenye waya, chaguo linaandikwa kwa namna isiyo na mbwembwe: baiti moja ya namba, baiti moja ya urefu, kisha maudhui yenyewe, na mwisho wa safari yote inakaa 255 kusema nimemaliza. Shika hiyo habari ya urefu, kwa sababu huko mbele ndiko mafundi wengi wanakokatia tamaa.

Tuchukue hoteli ndogo yenye ofisi, yenye swichi ya Cisco Catalyst ya tabaka la tatu, na ofisi ikiwa kwenye VLAN 10. Kazi nzima ya mwanzo ni hii:

ip dhcp excluded-address 192.168.10.1 192.168.10.20
ip dhcp pool OFISI
network 192.168.10.0 255.255.255.0
default-router 192.168.10.1
dns-server 192.168.10.4
lease 0 8

Mistari sita tu, na kila mmoja una namna yake ya kukuumbua.

Wa kwanza ndio unaosahauliwa kuliko yote, na haukai ndani ya fungu la anwani, ile `pool`, unakaa nje, juu kabisa. Unaiambia swichi isigawe anwani za 1 hadi 20 kwa mtu yeyote, kwa sababu humo wamo lango, seva na printa. Fundi wa itakaa-sawa huuruka kwa hoja kwamba “mbona inafanya kazi.” Inafanya kazi, naam, hadi siku simu ya mgeni ipewe anwani ya printa. Kuanzia hapo mhasibu anatuma ankara kwenye simu ya mtu aliyeketi mgahawani, printa imekaa kimya, na kila anayepita anaizima na kuiwasha kana kwamba imefanya dhambi. Andika mstari huo kwanza, kabla hata hujalipa fungu jina. Na usisahau kwamba swichi haitagawa kitu kwenye VLAN 10 kama yenyewe haina anwani humo: `interface vlan 10`, kisha anwani, kisha `no shutdown`.

Mstari wa DNS una mtego wa aina yake. Kama ofisi ina seva yake ya majina, inayojua kwamba “faili” ni kompyuta iliyoko chumba cha nyuma, usiiandike pamoja na ya nje kama 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwa kisingizio cha akiba. Kompyuta haielewi kwamba ya pili ni ya dharura. Siku seva ya kwanza ikichelewa kidogo, kompyuta itaiuliza ya pili, na ya pili haijawahi kusikia habari za chumba chenu cha nyuma. Matokeo ni tatizo linalokuja na kuondoka, na hakuna tatizo linalomzeesha fundi kama hilo. Ukitaka akiba, weka seva mbili za ndani. Kama huna seva ya ndani kabisa, weka mbili za nje na uendelee na maisha.

Sasa muda. `lease 0 8` maana yake siku sifuri na saa nane. Usipoandika kitu, swichi za Cisco hutoa siku moja nzima. Hapa mwenye nyumba ni wewe, na vifaa ni wapangaji: anayekaa miaka humpi mkataba wa saa moja, na anayelala usiku mmoja humpi wa mwaka. Kompyuta za mezani zinaweza kupewa siku kadhaa. Wageni wa hoteli wape saa chache. Kifaa hakisubiri muda uishe ndipo kiombe tena. Nusu ya muda ikipita kinarudi kwa seva ile ile kuomba nyongeza, na kisipojibiwa kinasubiri hadi asilimia 87.5 kisha kinaanza kumwomba yeyote anayesikia. Kwa saa nane, hiyo ni saa ya nne na saa ya saba.

Fanya hesabu ya ukumbi kabla ya siku ya ukumbi. Mtandao wa 255.255.255.0 una anwani 254 za kutumika. Toa 20 ulizozitenga, zimebaki 234. Hoteli ikipata semina ya watu 150, na kila mmoja ana simu na kompyuta, hao ni vifaa 300. Waliochelewa kufika watakosa, na waliochelewa kufika mara nyingi ndio wakubwa. Mgeni rasmi atasimama mbele ya watu akitafuta hotuba yake iliyoko kwenye barua pepe. Ufumbuzi si kuwasha upya swichi katikati ya semina. Ufumbuzi ni kuwapa wageni VLAN yao, yenye barakoa 255.255.252.0, ambayo inabeba anwani 1,022, na muda wa saa mbili au tatu. Inachukua robo saa ukiwa umetulia. Ukiwa na mgeni rasmi mgongoni, inachukua mchana kutwa.

Kuna jambo la kuzingatia pia kwa anayetaka kukipa kifaa fulani anwani ile ile daima. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia anwani ya MAC ya bandia kwa kila mtandao wa Wi-Fi badala ya kutumia iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo usisome namba iliyochapwa kwenye boksi la simu ukadhani umemaliza. Isome kwenye swichi, kifaa kikiwa kimeunganishwa. Na kwenye Cisco, kila kifaa cha namna hiyo kinapewa fungu lake mwenyewe: unaandika `host` na anwani, kisha `client-identifier` ambayo ni MAC iliyotanguliwa na 01. Tarakimu hizo mbili za mbele ni alama ya Etheneti. Ukizisahau, kompyuta ya Windows haitatambuliwa, na swichi itaipa anwani nyingine huku wewe ukiapa kwamba umeandika sawasawa.

Sasa twende kwenye namba zinazoogopwa.

Simu za mezani za Cisco zikiwashwa huhitaji kujua zitachukua wapi mipangilio yake, na hilo huelezwa kwa chaguo namba 150, ambalo hubeba anwani ya IP moja au zaidi. Simu za kampuni nyingine nyingi hutazama namba 66, ambalo hubeba maandishi, yaani jina la seva au anwani iliyoandikwa kama maneno. Hii ndiyo tofauti inayokula siku za watu. Kwenye 150 utaandika `option 150 ip 192.168.10.6`. Kwenye 66 utaandika `option 66 ascii 192.168.10.6`. Ukibadilisha `ip` na `ascii`, swichi itakubali bila kulalamika, kwa kuwa yenyewe haijui simu inataka nini. Ni simu ndiyo itakayobaki inawaka na kuzima taa, na wewe utamlaumu aliyeiuza.

Namba 43 ndiyo yenye sifa mbaya kuliko zote, na nadhani inaonewa. Chaguo hili limeachwa wazi makusudi ili kila kampuni iweke humo ujumbe kwa vifaa vyake. Vinara vya Wi-Fi vya Cisco hulitumia kujua kidhibiti chao kiko wapi. Mafundi hunakili mstari kutoka kwa rafiki, wakabandika, haufanyi kazi, wakamlaani rafiki. Lakini utazame mstari wenyewe:

option 43 hex f104c0a80a05

Usiuogope. Ukate vipande viwili viwili. `f1` ni alama ya Cisco ya kusema “hapa nataja vidhibiti.” `04` ni urefu, baiti nne, kwa sababu anwani moja ya IP ina baiti nne. `c0` ni 192, `a8` ni 168, `0a` ni 10, `05` ni 5. Basi umesoma: kidhibiti kiko 192.168.10.5. Ukiwa na vidhibiti viwili, urefu unakuwa `08` na anwani ya pili inafuata nyuma. Vifaa vya Ubiquiti vina mtindo huo huo, isipokuwa vinaanza na `01` badala ya `f1`. Mstari wa rafiki yako haukufanya kazi kwa sababu ulikuwa unataja kidhibiti cha ofisi ya rafiki yako. Fundi anayejua kuusoma mstari huu kwa macho yake hahitaji kuomba msaada kwa mtu usiku wa manane, na kujifunza kwenyewe hakumalizi hata kikombe cha chai.

Namba 121 inataka adabu zaidi. Inaeleza vifaa njia za ziada, mathalani kwamba tawi la Arusha lenye mtandao 10.20.0.0 linafikiwa kupitia 192.168.10.2 na si kupitia lango la kawaida. Waraka wake, RFC 3442 wa Desemba 2002, una sharti ambalo lazima ulikariri: kifaa kikipokea namba 121, kinatakiwa kuipuuza namba 3. Yaani ukiandika njia ya Arusha peke yake, umeifungulia ofisi mlango wa Arusha na kuifungia dunia nzima. Kwa hiyo njia ya kawaida nayo lazima iandikwe humo humo:

option 121 hex 100a14c0a80a0200c0a80a01

Ukate kama tulivyokata ule wa kwanza. `10` ni 16 kwa kawaida yetu, ndio ukubwa wa barakoa. `0a14` ni 10.20, `c0a80a02` ni lango la Arusha. Kisha `00`, yaani kila mahali pengine, na `c0a80a01`, lango la kawaida. Simu za Android hazilijali chaguo hili, kwa hiyo zenyewe zitaendelea kusoma namba 3. Usiifute.

Mei 2024 watafiti wa Leviathan Security walionyesha ulimwengu jambo ambalo wapenda mitandao walipaswa kuliogopa mapema. Mtu aliye kwenye mtandao mmoja nawe, akijifanya seva ya DHCP, anaweza kutumia namba 121 kuiambia kompyuta yako ipitishe mawasiliano nje ya VPN. VPN inaendelea kuonyesha imeunganishwa, alama ya kufuli ipo, na mzigo unapita pembeni. Wakaiita TunnelVision. Android ilisalimika kwa sababu ile ile: hailisikilizi chaguo hilo. Hapa ndipo utaelewa kwa nini nimekataa kabisa wazo kwamba DHCP ni kazi ndogo ya kumpa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo na kumwacha peke yake chumbani.

Na seva ya bandia haihitaji mhalifu. Anatosha mfanyakazi mwema aliyenunua ruta ndogo ya Wi-Fi Kariakoo au Luthuli ili mtandao ufike hadi kwenye kona yake, akachomeka kebo ya ofisi kwenye tundu lisilo lake. Ruta ile nayo ni seva ya DHCP, imezaliwa hivyo, na itaanza kugawa anwani kwa ukarimu mkubwa. Nusu ya ofisi itafuata swichi, nusu itamfuata huyo mgeni. Ukifika, utakutana na mazungumzo ya namna hii:

“Kaka, Wi-Fi inasema imeunganishwa lakini hakuna intaneti.”

“Pole dada. Hebu nisomee anwani ya IP kwenye kompyuta ya hapo mezani.”

“Mia moja tisini na mbili, mia moja sitini na nane, sifuri, mia moja na tatu.”

Umeona? Ofisi yetu ni 192.168.10, yeye anasoma 192.168.0. Kuna mwingine anayegawa. Angesoma 169.254, ingekuwa habari tofauti kabisa: hakuna aliyejibu, kompyuta imekata tamaa ikajitungia anwani ya kujifariji. Anwani ya kwanza inakupeleka kumtafuta mvamizi. Ya pili inakupeleka kwenye kebo, VLAN au fungu lililokwisha. Jifunze kuuliza swali hilo kabla hujapanda bodaboda. Dada wa mapokezi akizoea kukusomea anwani, ni msaidizi bora kuliko vifaa vingi vya kupimia vinavyouzwa.

Dawa ya mvamizi iko ndani ya swichi hiyo hiyo, na umeshailipia:

ip dhcp snooping
ip dhcp snooping vlan 10

Kuanzia hapo swichi inakataa majibu ya seva yanayoingia kupitia tundu lolote ambalo hujaliamini. Tundu linaloelekea kwa seva halali unaliandikia `ip dhcp snooping trust`, na hilo tu. Nimekuta mahali matundu yote ishirini na manne yameandikiwa trust, eti ili kuondoa usumbufu. Huyo hajaweka ulinzi. Ameandika neno ulinzi ukutani.

Kuna shimo moja hapa, na nakuomba ulisome mara mbili kwa sababu limewapoteza wengi wenye bidii. Swichi ya pembeni yenye snooping huongeza chaguo namba 82 kwenye ombi la kifaa, kueleza ombi limetokea tundu gani. Ni jambo jema. Lakini swichi yako kubwa ya Cisco inayogawa anwani, ikiona namba 82 kwenye ombi ambalo halijapita kwa wakala yeyote wa kupitisha maombi (relay), hulitilia shaka na kulitupa bila kusema neno. Kwa hiyo fundi mwenye nia njema anaweka ulinzi, na ofisi nzima inakosa anwani. Anaondoa ulinzi, mambo yanarudi. Anahitimisha kwamba ulinzi ni mbaya, na anakwenda kuwafundisha hivyo wengine. Ulinzi hauna ubaya. Kwenye swichi ya pembeni andika `no ip dhcp snooping information option`, au kwenye ile kubwa andika `ip dhcp relay information trust-all`. Moja ya hizo inatosha.

Jingine linalofanana nalo kwa uchokozi ni kompyuta inayokosa anwani asubuhi tu, inapowashwa, kisha ukiichomoa na kuichomeka haibadiliki, na ukisubiri kidogo inakubali yenyewe. Tundu la swichi likiamka hukaa kama sekunde 30 likijiridhisha kwamba hakuna kitanzi kwenye mtandao, na wakati huo kelele za kompyuta haziendi popote. Kompyuta nyingine hazina subira hiyo. Kwenye matundu ya kompyuta na printa, si yale yanayounganisha swichi na swichi, andika `spanning-tree portfast`.

Tuzungumze umeme, maana huku kwetu mwongozo usiotaja umeme haujakamilika. Swichi huweka kumbukumbu ya nani amepewa anwani gani kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika na betri ya akiba ikiwa ilikufa mwaka juzi, swichi inaamka haikumbuki mtu. Lakini kompyuta mpakato zina betri zake. Hazikuzima, na zinaendelea kutumia anwani zilizopewa jana. Swichi, kabla ya kutoa anwani, huitumia salamu mbili za ping kuona kama kuna anayeitumia. Kompyuta ya Windows iliyofungwa na ukuta wake wa moto haiitikii. Swichi inaona kimya, inampa mwingine, na sasa wawili wana anwani moja. Ukitaka kuziona anwani zilizogombaniwa, andika `show ip dhcp conflict`, na ujue kwamba anwani iliyoingia humo haitagawiwa tena hadi uifute kwa `clear ip dhcp conflict *`. Nimeona fungu likakauka polepole kwa miezi namna hiyo, anwani chache chache zikifungwa, na mwishowe ofisi ya watu wachache inaambiwa anwani zimekwisha. Amri ya `ip dhcp database` huielekeza swichi iandike kumbukumbu zake kwenye seva ya faili, nje yake yenyewe, na bila kuambiwa vingine huchelewesha kuandika kwa sekunde 300. Iweke. Na mshauri mwenye ofisi, kwa heshima na bila kuchoka, anunue betri mpya ya UPS. Betri ni nafuu kuliko siku moja ya hoteli isiyo na mtandao.

Siku utakapotaka kubadilisha chaguo lolote, kumbuka kwamba kuandika kwenye swichi hakufiki kwenye vifaa papo hapo. Kila kifaa kitaipata habari mpya kitakapokuja kuomba nyongeza. Kama muda ni siku nane na leo umehamisha seva ya DNS, wapo watakaobaki na anwani ya zamani kwa siku nne. Kwa hiyo tangulia: wiki moja au mbili kabla, punguza muda uwe saa moja, acha vifaa vyote vipite kuchukua mkataba mfupi, fanya mabadiliko jioni, asubuhi hakikisha, kisha rudisha muda wa kawaida. Wafanyakazi hawatajua kwamba ulifanya kitu, na hiyo ni kazi nzuri kuliko ile inayotangazwa kwa barua pepe ya kuomba radhi.

Ukimaliza, usiondoke kwa kuangalia simu yako tu. `show ip dhcp binding` itakuonyesha nani amepewa nini na hadi lini. `show ip dhcp pool` itakuonyesha zimebaki ngapi. Chukua kompyuta moja ya ofisi, siyo yako, andika `ipconfig /all`, usome kwa sauti: anwani, barakoa, lango, DNS, muda. Linganisha kila kimoja na ulichokusudia. Chapa ukurasa mmoja kwenye printa. Inua simu ya mezani usikilize kama kuna mlio. Mwite mtu wa ofisi aone kwa macho yake, umweleze anwani za 1 hadi 20 ni za nini, na umwachie maelezo yaliyoandikwa, pamoja na nenosiri, ndani ya bahasha iliyofungwa. Fundi anayeondoka na nenosiri kichwani ili aitwe tena anakuwa amejitengenezea kifungo, wala si ajira, na watu wa ofisi wanalijua hilo mapema kuliko anavyodhani.

Halafu, kabla hujakunja kebo ya konsoli, andika `copy running-config startup-config` na ubonyeze kitufe cha kuingiza mara mbili, mpaka uone imejibu OK. Usipoandika hivyo, umeme wa kwanza kukatika utaondoka na kila ulichokifanya.